Nina miaka 47, kiwanda kimenipunguza, nataka kurudi darasani: nilipe kwa pesa gani?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mkazi wa Makorora hapa Tanga. Nina miaka 47, mke mmoja na watoto watatu. Mkubwa yuko kidato cha sita, wa mwisho yuko darasa la tano. Nimefanya kazi kiwandani miaka 18. Niliingia kama kibarua wa kupakia mizigo, nikachukuliwa kuwa msaidizi wa fundi umeme, na mzee wetu alipostaafu mota zote zikabaki mikononi mwangu. Nasuka mota, nafunga paneli, na mtambo ukizima saa nane za usiku mimi ndiye niliyekuwa nikipigiwa simu. Cheti cha ufundi sina. Kidato cha nne nilipata D mbili tu, Kiswahili na Uraia.

Sasa ni wiki ya sita tangu tupunguzwe. Tuliitwa, tukaelezwa mitambo mipya haihitaji watu wengi, tukasainishwa. Nililipwa kiinua mgongo 1,050,000, notisi ya mwezi mmoja 620,000, ambayo ndiyo niliyokuwa napokea, na likizo 330,000. Nilipouliza mbona kiinua mgongo ni kidogo kwa miaka 18, niliambiwa sheria inahesabu miaka kumi tu. Kwenye SACCOS ya kiwandani nina akiba ya 850,000. NSSF wamekuwa wakinikata miaka yote.

Nimezunguka kuomba kazi. Kila mahali swali la kwanza ni cheti. Mkandarasi mmoja alinipa paneli niirekebishe, nikaimaliza mbele yake, akafurahi kabisa, halafu akaniambia ofisi yake haiwezi kuniajiri bila karatasi. Hata nyumba za watu ninazofunga umeme mtaani, fomu za TANESCO namtafutia mwenye leseni anigongee muhuri, na yeye huchukua karibu nusu ya pesa yangu. Inaniuma, Shangazi. Kazi nimeijua kwa jasho, lakini nikisimama mbele ya kijana mwenye cheti ambaye hajawahi kufungua mota, mimi ndiye nisiyejua.

Nimepata chuo cha binafsi, diploma ya umeme miaka mitatu, ada 1,400,000 kwa mwaka. Nilipowaambia kuhusu D zangu mbili, waliniambia nilipe kwanza, hayo ya vyeti yatarekebishika ndani. Bodi ya Mikopo nimesikia inasaidia hata wa diploma siku hizi. Kama haitawezekana, yuko bwana anayekopesha. Atanipa 1,500,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, nimwekee karatasi za nyumba. Amesema si lazima mke wangu ahusishwe. Kaka yangu naye anasema niache mambo ya shule, ninunue bajaji.

Mke wangu anauza vitumbua na chai asubuhi, ndivyo vinavyotuweka sasa. Sijamwambia habari ya karatasi za nyumba. Na jambo la mwisho, naona haya. Nitakaaje dawati moja na watoto wa rika la mwanangu? Nishauri nilipe vipi.

Fundi wa Makorora, Tanga


Marahaba, mwanangu.

Nianze na lenye saa, maana mengine yanaweza kungoja na hili haliwezi.

Walichokwambia kuhusu miaka kumi ni kweli, lakini si kweli yote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa anayepunguzwa kazi mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliomaliza, na miaka inayohesabiwa ni kumi tu. Hiyo ni mishahara ya siku 70. Kwa anayefanya kazi siku sita kwa wiki, mwezi huhesabiwa siku 26. Kama 620,000 ndiyo mshahara wako wa msingi, siku moja ni karibu 23,850, na siku 70 ni karibu 1,670,000. Wewe umepewa 1,050,000. Nimeigawa kwa 70, ikanipa 15,000 kamili kwa siku, yaani mshahara wa 390,000 kwa mwezi. Kwa hiyo lipo moja kati ya mawili. Ama wametumia mshahara wako wa zamani, au mshahara wako wa msingi ni huo 390,000 na kilichozidi kilikuwa posho, ambayo haiingii kwenye hesabu. Toa hati ya mshahara ya mwezi wa mwisho, angalia mstari wa mshahara wa msingi. Ukikuta 390,000, hesabu yao iko sawa, funga ukurasa. Ukikuta 620,000, una zaidi ya laki sita zako ambazo hazijalipwa.

Laki sita hizo zinadaiwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi hapo Tanga. Kufungua shauri ni bure. Unajaza fomu namba moja ya Tume, unampa mwajiri nakala, unarudisha. Anayepinga kuachishwa kazi kwenyewe ana siku 30 tu, na kwako hizo zimekwisha. Lakini madai ya malipo yana siku 60. Wiki sita ni siku 42, na barua yako nayo imechukua siku zake kunifikia. Nenda kesho asubuhi. Ukikuta siku zimepita, ipo fomu ya kuomba kuongezewa muda, ila hapo utatakiwa uwe na sababu nzito. Na ukiwa kwenye habari za mwajiri, dai cheti cha utumishi kama hawajakupa. Ni haki yako kisheria. Omba waandike wazi kazi uliyokuwa ukifanya, umeme wa viwandani, na miaka. Nitakuambia huko mbele kwa nini.

Sasa chuo kile. Mwanangu, usiwalipe hata shilingi. Cheti cha awali cha fani, ambacho ndicho mlango wa diploma kwa aliyetoka kidato cha nne, kinataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Hiyo ni sifa iliyowekwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, na chuo hakina uwezo wa kuifuta. Wewe una mawili. Chuo kinachokwambia lipa kwanza vyeti vitarekebishika kinajua hilo kuliko mimi, na kitakachotokea ni kwamba utasoma, utalipa, na siku ya kusajiliwa jina lako halitaonekana. Nimesoma barua nyingi za wazazi waliolia kwa jambo hili, na wengi wao pesa haikurudi. Mwongozo wa udahili wa NACTVET hutolewa kila mwaka, una jina la kila chuo kinachotambuliwa na sifa za kila kozi. Mwambie mwanao wa kidato cha sita akufungulie kwenye simu.

Bodi ya Mikopo pia iondoe kwenye hesabu. Ni kweli imeanza kukopesha wa diploma, lakini mwombaji hatakiwi kuzidi miaka 35. Naona ni sharti linaloumiza watu wa hali yako, waliotolewa kazini wakiwa bado na nguvu za miaka mingi, na ningependa siku moja litazamwe upya. Kwa sasa ndivyo lilivyo. Dirisha hilo ni la mwanao mwakani, mwandalie nyaraka zake mapema, hasa cheti cha kuzaliwa.

Kisha nikuulize. Ulichokikosa ni elimu ya umeme, au ni karatasi ya elimu uliyonayo? Nimeisoma barua yako mara mbili na jibu naliona humo humo. Mkandarasi hakukukatalia kwa sababu hujui paneli. Na mwenye muhuri hachukui nusu ya pesa yako kwa kuwa anafunga waya vizuri kukushinda. Unataka kununua miaka mitatu ya kufundishwa mambo ambayo mengi unayafanya gizani kwa tochi.

VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu unaoitwa urasimishaji wa ujuzi, kwa mafundi waliojifunzia kazini au mtaani. Unajisajili kwenye fani yako. Wakaguzi wa ufundi wanakuona ukifanya kazi na wanakuhoji, wanapima uko wapi. Mahali ulipopungua unapewa mafunzo mafupi, na kwa mafundi waliokulia kazini aghalabu ni usomaji wa michoro, hesabu za saizi ya waya na kanuni za usalama. Kisha unapewa cheti cha VETA cha daraja linalolingana na ulichoonyesha. Hapo ndipo cheti cha utumishi kitakapokufaa, na picha za paneli ulizofunga kama unazo kwenye simu, na barua ya yule mzee aliyestaafu akieleza alivyokufundisha. Nenda chuo cha VETA Tanga, uliza fani ya umeme wanapima lini na gharama yake ni ngapi. Uliza vilevile kama kuna nafasi za Programu ya Kukuza Ujuzi ya Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa sababu kila zinapotangazwa, gharama ya urasimishaji hubebwa na serikali.

Usiingie pale ukijiona unaomba hisani. Kila mwajiri mwenye wafanyakazi kumi na kuendelea hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, inayokokotolewa kwa mishahara anayotoa, na sehemu ya tozo hiyo ndiyo inayoendesha vyuo vya VETA. Kwa miaka 18 mshahara wako ulikuwa kwenye hesabu hiyo. Hii ndiyo sababu kozi ndefu za VETA ni rahisi hivyo: kwa miaka mingi ada yake imekuwa 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa, na 120,000 kwa wa bweni, ukiacha vifaa na sare. Weka tarakimu hiyo pembeni ya 1,400,000 uliyotajiwa. Kama upimaji utaonyesha mapengo yako ni makubwa kuliko tunavyodhani, kozi ya kutwa unaimudu bila kukopa kwa mtu. Zipo pia kozi fupi za jioni, bei yake inategemea fani.

Ukishika cheti, mlango unaofuata ni EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Wao ndio wanaotoa leseni za ufungaji umeme, kwa madaraja, na madaraja ya chini yamewekwa kwa mafundi wa ngazi ya cheti, hayasubiri diploma. Siku utakayopata leseni yako, fomu ya TANESCO unaijaza kwa jina lako, na ile nusu inabaki nyumbani kwako. Huu utaratibu wa sasa wa kugongewa muhuri na mtu ambaye hajaiona nyumba uache mapema, kwa usalama wa wenye nyumba na kwa usalama wako. Nyumba ikiungua, atakayetafutwa ni fundi aliyeonekana na mtaa mzima akipanda juu ya dari. Tafuta mwenye leseni anayekubali kufika saiti na kukagua, hata kama utabaki na kidogo kwa muda huu.

Pesa sasa. Una 2,000,000 mkononi na 850,000 SACCOS. Lakini kuna nyingine hukuitaja, na nadhani hujaidai: fao la upotevu wa ajira la NSSF. Ni la mwanachama aliyeachishwa kazi bila kupenda kwake na aliyechangia angalau miezi 18. Unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Kwa 620,000 ni kama 206,000 kila mwezi, kwa jumla zaidi ya 1,200,000. Peleka barua ya kupunguzwa kazi, kitambulisho na hati za mshahara kwenye ofisi yao. Pesa hiyo ndiyo ya kula pamoja na vitumbua vya mkeo na vibarua vyako vya mtaani. Michango yenyewe iache palepale. Miaka 18 ni miezi 216, na pensheni inataka miezi 180. Umeshavuka. Ukifika miaka 55 unaweza kuiomba kwa hiari, au ungoje 60. Atakayekushawishi utafute njia ya kuitoa yote sasa hakutakii mema.

Katika zile milioni mbili, tenga laki tano za masomo, vyeti, leseni na nauli, zilizobaki ziweke mahali usipoziona kirahisi. Akiba ya SACCOS usiiguse kabla hujajua kama wanaruhusu mtu aliyeondoka kiwandani aendelee kuwa mwanachama. Wakiruhusu, hapo ndipo mahali pako pa kukopa siku ukihitaji kifaa cha kupimia au ngazi, kwa riba ya binadamu.

Yule bwana wa asilimia 20, ndiyo hii watu wanaiita kausha damu. Piga hesabu pamoja nami. Asilimia 20 ya 1,500,000 ni 300,000 kila mwezi, riba tupu, deni halijapungua hata senti. NSSF watakupa 206,000. Unaanza mwezi wa kwanza ukiwa umeshashindwa. Na pale alipokwambia mke si lazima ahusishwe ndipo alipojionyesha ni mtu gani. Nyumba mnayoishi kama mume na mke haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzio. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda, na Sheria ya Ardhi inamlinda. Anayekutaka ufiche anataka usaini karatasi ya ajabu ajabu, pengine ya kumuuzia nyumba, ili siku ukichelewa aje na watu wake. Mwambie mkeo leo. Mwambie yote, hata lile la kwamba ulikaribia. Yeye ndiye anayewalisha sasa hivi, ana haki ya kujua paa la watoto wake lilifika wapi kwenye mazungumzo, na nina hakika mpango huu atausimamia kuliko kaka yako na bajaji yake. Bajaji sina ubaya nayo. Ila pesa uliyonayo haitoshi kununua nzima, na kuingia mkataba wa kulipa kila siku kwa kazi usiyoijua, na kuiacha unayoijua kwa miaka 18, sioni faida yake.

Diploma usiizike, kama roho yako inaitaka kweli. Ila ije baada ya cheti, na ilipwe na leseni. Njia ni mbili. Unaweza kurisiti kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, mtihani ni Novemba, ada imekuwa 50,000. Si lazima urudie masomo yote. Unahitaji kuongeza mawili, na ningechagua Hisabati na Fizikia kwa kuwa ndiyo utakayokutana nayo mbele. Madarasa ya jioni ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima yanaweza kukuandaa. Njia ya pili ni kupanda madaraja ya VETA hadi la tatu, kwani vipo vyuo vya ufundi vinavyompokea mwenye cheti hicho hata kama kidato cha nne hakikukaa vizuri. Tazama mwongozo wa mwaka huo.

Kuhusu haya. Mwalimu Nyerere aliufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baada ya hapo watu wazima waliketi kwenye madarasa ya ngumbaru kwa maelfu nchi nzima, wengine wakiwa na wajukuu, wakajifunza kuandika majina yao. Wewe unaingia ukiwa na kitu ambacho vijana wale hawana. Mwalimu wao atakapofundisha kwa nini mota inaungua ikikosa fezi moja, wewe umeshanusa moshi wake. Watakuzunguka wakuulize. Wasaidie, nao watakusaidia kwenye hesabu na kompyuta. Na kwa Tanga hii ya leo, bandari imechimbwa na kupanuliwa, bomba la mafuta kutoka Hoima la kilomita 1,443 linaishia Chongoleani, saruji inasagwa Pongwe. Kote huko kuna mota, na kote huko utaulizwa cheti langoni kabla hujashika bisibisi.

Ukifika VETA ukaambiwa upimaji wa umeme umeshapita, au nafasi zimejaa hadi mwakani, usirudi kwa wale wa diploma kwa hasira. Andikisha jina na namba ya simu, chukua tarehe inayofuata, na wakati unangoja jisajili NECTA. Kisha niandikie Tume wamesema nini.

Shangazi